Ngoma za Wahaya Zimo: Majibu kwa Wanaosema Mogambo Haituhusu

Ukiitaja sinema ya Hollywood ya miaka ya 1940 au 1950 mbele ya walimu wa Kayanga, mbele ya vijana wanaorusha muvi kwenye flashi pale Omurushaka, au mbele ya wafanyabiashara wa kahawa wa Nkwenda, jibu huja upesi na huwa lile lile: hizo si zetu. Nimelisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma, kwa wazee wa kanisa na kwa vijana wa bodaboda, na kwa kuwa wote wanakubaliana, hakuna anayedai ushahidi. Mimi naudai.

Kwanza niieleze hoja kama wenyewe wanavyoieleza, maana wapo watu makini nyuma yake. Wanasema sinema zile zilitengenezwa wakati tunatawaliwa, na Mwafrika ndani yake ni mpagazi, mpiga makasia au kitisho cha watazamaji. Wanasema visa vyake ni vya mapenzi na risasi za Wazungu wenye nafasi, mambo yasiyomhusu mkulima wa migomba na kahawa. Wanasema waigizaji wake wa kike walichaguliwa kwa sura, wakapambwa, wakasimamishwa mbele ya taa, basi. Na wanamalizia na biashara: mtazamaji wa kibanda anataka mapigano, anataka steringi, anataka kisa kinachokwenda mbio, mwekee watu wanaozungumza chumbani uone benchi zitakavyobaki tupu.

Hakuna hata moja kati ya hoja hizi iliyo ya kipuuzi. Kila moja ina ukweli wake, ndiyo maana zimedumu. Lakini ukiziweka pamoja zinagongana, na zinatugharimu vitu ambavyo hatujawahi kuvihesabu. Nitazijibu kwa sinema moja hasa, Mogambo ya mwaka 1953, na kwa mwigizaji wake mkuu, Ava Gardner. Sababu ya kuichagua ni ya hapa hapa nyumbani: sehemu ya sinema hiyo ilirekodiwa kwenye Mto Kagera, mto ule ule unaopakana na Karagwe na Kyerwa upande wa magharibi kisha ukapinda mashariki kuelekea Murongo na Kyaka.

Kwanza: "Si yetu"

Mwishoni mwa mwaka 1952 kampuni ya MGM ilileta Afrika Mashariki msafara mkubwa chini ya mwongozaji John Ford. Walikuwemo Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, pamoja na mafundi, wawindaji, wapishi na mlolongo wa malori. Walirekodi Kenya, Uganda, Tanganyika na Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, na kambi yao moja ya mahema ilikuwa ukingoni mwa Kagera. Kisa chenyewe hakikuwa kipya. MGM ilikuwa imeshakitoa mwaka 1932 kwa jina la Red Dust, Gable akiwa kijana na mahali pakiwa shamba la mpira huko Indochina. Safari hii Gable ana miaka zaidi ya hamsini, na anacheza Vic Marswell, mwindaji anayekamata wanyama wa kuuzia bustani za wanyama na sarakasi.

Sasa sikiliza muziki. Sinema kubwa za Hollywood za wakati ule zilifunikwa na okestra tangu mwanzo hadi mwisho, hata mtu akifungua mlango tu vinanda vinalia. Mogambo haina okestra hiyo. Ukiacha nyimbo chache zinazosikika ndani ya kisa, sauti inayobeba sinema nzima ni ya ngoma na nyimbo za Waafrika. Maandishi ya mwanzo yanawashukuru Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, na Wahaya wa Tanganyika.

Wahaya wa Tanganyika. Majirani zetu wa Bukoba na Muleba, watu tunaooana nao, wenye enanga kama yetu na lugha ambayo Mnyambo wa Karagwe hahitaji mkalimani kuielewa. Sauti zao zimezunguka dunia kwa zaidi ya miaka sabini, zimesikika katika majumba ya sinema ya New York na London, na sisi tuliozaliwa kando ya mto ule tunasema sinema hiyo haina chetu.

Atatokea mtu wa Bweranyange aniambie kwamba waliotajwa ni Wahaya, si Wanyambo. Ni pingamizi la haki, na dawa yake ni masikio. Mwaka 1952 Karagwe ilikuwa ndani ya wilaya ya Bukoba, na Kyerwa haikuwa wilaya. Ilimegwa kutoka Karagwe miaka sitini baadaye. Anayejua ngoma za Bweranyange na anayejua za Kanyigo wakae pamoja, wasikilize, watuambie ni mapigo ya wapi. Anayeikataa sinema kabla ya kuisikiliza ameshahukumu kesi ambayo shahidi wake mkuu hajaitwa.

Hapa ndipo gharama ya kwanza inapojitokeza. John Lee Mahin aliyeandika mazungumzo ametajwa kwa jina. Robert Surtees na Freddie Young walioshika kamera wametajwa kwa majina. Waliopiga ngoma wametajwa kwa kabila. Ni dhuluma, na naiita dhuluma. Lakini tazama nani anaiendeleza leo. MGM ilisema kwamba mpiga ngoma yule hahitaji jina. Sisi tunasema hata kumsikiliza hakuna haja. Hatuwezi kudai heshima ya mtu ambaye tumekataa kumsikia.

Wala mtu asiseme kwamba zama zile hazikuweza kumpa Mtanganyika jina kwenye pazia. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1950 ilitengenezwa hapa Tanganyika sinema ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, na mhusika wake mkuu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu. Iliwezekana. Kwa wapiga ngoma wa Mogambo haikufanyika, na kazi ya kuifanya imebaki kwetu.

Pili: "Ni ya kikoloni"

Ndiyo, ni ya kikoloni, na mwenye kuibishia hajaitazama. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na muda mfupi baadaye msafara wa Ford ukaanza kazi katika nchi hiyo hiyo. Watu walikuwa wanakamatwa, vijiji vinapekuliwa, na sinema haisemi kitu. Kuna mahali kituo cha ofisa wa serikali kimeshambuliwa na wenyeji, na hasira yao haielezwi chanzo chake. Inakuja kama mvua inavyokuja, ili wahusika Wazungu wapate la kukimbia. Waafrika wanabeba, wanapiga makasia, wanaimba. Hakuna hata mmoja mwenye kisa chake mwenyewe.

Yote hayo ni kweli. Ninachokikataa ni hitimisho, kwamba kwa hiyo tuiache.

Tumechukua msimamo gani kuhusu Speke? Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861, akakaa, akala, akaandika. Katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 1863 anasimulia jinsi alivyompima kwa kamba ya kupimia mke wa kaka yake mfalme, mzunguko wa mkono, kifua, paja, kana kwamba anapima ng'ombe wa mnada. Sijui tusi kubwa zaidi ya hilo lililowahi kuandikwa juu ya nyumba ya kifalme ya Karagwe. Na bado kila anayeandika habari za Karagwe anamnukuu Speke. Walimu wetu wanamfundisha. Waongoza watalii wanamtaja. Tarehe zetu, orodha ya mali za ikulu, sura ya Rumanyika mwenyewe, tumezipata kwa sehemu kubwa katika kurasa za mtu yule aliyemdhalilisha shemeji wa mfalme. Mwaka 2019 jina la Rumanyika limewekwa kwenye Hifadhi ya Taifa, na ukimuuliza mtu Rumanyika alikuwa nani, baada ya sentensi tatu atakutajia Mwingereza.

Kwa hiyo kitabu cha mkoloni tunakisoma kwa tahadhari, tunachukua ushahidi, tunakataa dharau. Sinema ya mkoloni tunaitupa yote. Kwa kanuni ipi? Kama tunaamini kwamba msomaji wa Kayanga ana akili ya kutenganisha habari na tusi anaposoma, basi ana akili hiyo hiyo anapotazama. Na kama hana, tumnyang'anye na Speke pia.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba kuiacha sinema hakuufuti ukoloni wake. Inaendelea kutazamwa Ulaya na Marekani na watu wasiojua kwamba mto ule una jina, kwamba ng'ambo zake mbili kuna watu wanaolima kahawa, kwamba Kyerwa palichimbwa bati wakati huo huo Gable anacheza mwindaji katika pori lililodaiwa kuwa halina mwenyewe. Wao hawana wa kuwaambia. Anayeweza kuwaambia amekataa kuitazama.

Tatu: "Mwigizaji wake ni sura tu"

Hoja hii ndiyo inayonichoma kuliko zote, kwa sababu inasemwa hata na wanaozipenda sinema za kale. Ava Gardner, wanasema, alikuwa mzuri wa uso. Uigizaji ni jambo lingine.

Tuanze na alikotoka. Alizaliwa mwaka 1922 huko North Carolina, mtoto wa mwisho kati ya saba, baba mkulima wa tumbaku, mama akipikia walimu katika nyumba waliyopanga. Hakuna kitu cha ajabu hapo kwa mtu wa Karagwe. Mwaka 1941 picha yake iliyotundikwa dirishani kwa shemeji yake, mpiga picha wa New York, ilimfikisha MGM. Alipewa mkataba wa miaka saba kwa dola 50 kwa wiki, na jambo la kwanza walilofanya ni kumfundisha asizungumze kama watu wa kwao. Lafudhi ya North Carolina ilionekana ya shamba. Miaka mitano alikuwa akipewa vipande vya kupita nyuma ya wenzake.

Kisha mwaka 1946 MGM ikamwazima kwa Universal, na Robert Siodmak akamweka katika The Killers, sinema ya uhalifu iliyotokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway. Ni sinema ya giza, ya wizi wa mishahara ya kiwanda cha kofia, ya bondia wa zamani anayeitwa Swede anayelala kitandani akingoja wauaji wake bila kukimbia. Swede ni Burt Lancaster katika sinema yake ya kwanza. Kisa kinasimuliwa kinyumenyume, kipande kwa kipande, na mpelelezi wa bima anayetaka kujua kwa nini mtu akubali kuuawa. Jibu ni mwanamke, Kitty Collins, na Kitty ni Gardner.

Anayesema hapo hapana uigizaji atazame mambo mawili. La kwanza, Kitty anakaribia kukamatwa kwa kito cha wizi, na Swede anajitokeza kusema kimeibwa na yeye. Anakwenda jela badala yake. Gardner hapo hana maneno mengi. Anatazama tu, na katika kutazama huko unaona mtu anayepokea zawadi na papo hapo anapanga namna ya kutoilipa. La pili ni mwisho. Mumewe Kitty yuko chini, amepigwa risasi, anakata roho, polisi wamesimama, na Kitty amepiga magoti akimsihi aseme kwamba mkewe hana hatia. Hamlilii mume, anadai ushahidi. Sauti inapanda, inavunjika, na yule mtu anakufa bila kusema. Mwanamke ambaye maisha yake yote wanaume wamesema uongo kwa ajili yake, siku anayouhitaji uongo kuliko siku zote, hapati wa kuusema.

Songa mbele miaka saba, uje Mogambo. Gardner ni Eloise Kelly, mwanamke wa Kimarekani aliyefika kambini kwa Marswell kukutana na maharaja ambaye ameshaondoka. Hana tiketi ya kurudi, hana sifa nzuri, hana mahali. Marswell anamchukua kwa siku chache, kisha anafika Mwingereza Nordley na mkewe Linda, Grace Kelly, mwanamke wa heshima mwenye glavu. Marswell anamsahau Eloise kama mtu anavyosahau kofia. Eloise anajilinda kwa mizaha. Mchunguze Gardner kila baada ya mzaha: anageuza uso mapema kidogo kuliko inavyotarajiwa, asionekane. Anazungumza na ndama wa tembo kwa sababu binadamu waliopo hawamsikii. Anakwenda kuungama kwa Padri Josef. Mwongozaji hakumwambia mtazamaji kwamba mwanamke huyu ana roho. Gardner ndiye anayemwambia.

Ndipo risasi inalia. Linda anamkuta Marswell na Eloise, Marswell amelewa na anamdhihaki, naye anachukua bastola na kumpiga. Watu wanakuja mbio, mume akiwa miongoni mwao. Ukweli ukisemwa, ndoa imekwisha, jina limekwisha, na pengine kesi inaanza. Eloise ndiye mwenye sababu zote za kuusema ukweli huo. Aliyempiga risasi ni mpinzani wake, mwanamke aliyemdharau tangu siku ya kwanza. Anasema uongo. Anawaambia kwamba Marswell alikuwa akimsumbua mke wa watu, kwamba Linda alikuwa anajitetea. Anausema haraka, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, ili usionekane kama wema.

Weka matukio hayo mawili pamoja. Mwaka 1946 Gardner anapiga magoti akiomba uongo umwokoe. Mwaka 1953 anasimama na kuutoa uongo huo kumwokoa mwanamke mwingine, bila kuombwa wala kushukuriwa. Mwigizaji ambaye ni sura tu hawezi kuzicheza pande zote mbili za dhambi moja na ukaamini zote. Walioteua majina ya tuzo ya Oscar walimwona. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waliopendekezwa kwa uigizaji bora wa kike, ingawa aliyeshinda ni Audrey Hepburn.

Kisha niambieni kama kisa hiki ni cha Wazungu peke yao. Hakuna kijiji kati ya Bugene na Murongo kisicho na mwanamke wa namna ya Eloise: anapika chakula mnadani au anauza rubisi, wanaume wanamcheka mbele ya wake zao na kumfuata gizani, na siku nyumba ya heshima inapotaka kubomoka yeye ndiye anayejua siri na kuinyamazia. Kikao cha ukoo hakimwiti. Akipita kanisani watu wanasogea. Hakuna sinema ya ngumi niliyowahi kuitazama iliyomwona mwanamke huyo. Ile ya mwaka 1953 ilimwona.

Na gharama ya kusema "sura tu" wanailipa dada zetu. Studio ya Gardner yenyewe iliamini hivyo hivyo. Mwaka 1951 aliimba mwenyewe nyimbo zake za Show Boat. Sinema ilipotoka, sauti yake ilikuwa imeondolewa na kuwekwa ya mwimbaji mwingine, Annette Warren. Uso walibaki nao, koo wakalitupa. Tunapomchagua mwigizaji wa Bongo Movie kwa picha ya simu, tunapomjua kwa udaku wa ndoa zake na hatuwezi kutaja hata tukio moja alilolicheza vizuri, tunafanya kile kile, na hatuna hata kisingizio cha kutokujua matokeo yake. Mtazamaji asiyejifunza kuona kazi ya mwigizaji hatamlazimisha mtengenezaji kuilipia.

Nne: "Watu wetu wanataka mapigano"

Kijana mmoja mwenye kibanda aliniambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, hiyo ukiiweka utawakimbiza wateja. Watu wa huku hawawezi kukaa na hadithi ndefu." Sina ugomvi naye, analipa kodi ya chumba na umeme. Ugomvi wangu ni na sentensi yake ya mwisho, maana si yake. Ina historia.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha huko Vugiri, milima ya Usambara, jaribio la kuwatengenezea Waafrika sinema za mafunzo na kuzizungusha kwa lori. Mwaka 1939 kikaanzishwa London Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na mtaalamu wake, William Sellers, akaweka kanuni: picha zifuatane polepole, kisa kiwe chepesi, kamera isifanye hila, kwa kuwa Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata zaidi ya hapo. Wao walitaka mambo yaende taratibu, mwenye kibanda anataka yaende mbio. Msingi ni mmoja: kwamba mtu wa hapa hana uwezo wa kushika kisa chenye mikunjo. Wale wanaoikataa Mogambo kwa kuwa ni ya kikoloni wanaikataa kwa hukumu ambayo wakoloni ndio walioiandika.

Na hukumu hiyo ilishakanushwa na watazamaji wenyewe. Kizazi cha wazazi wetu, kutoka Zanzibar na Dar es Salaam hadi miji ya bara, kiliipenda Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Ni nini Awara? Kijana amejaribu kumwua jaji, yuko kizimbani, na mwanasheria wake ni mpenzi wake, Nargis, anayelazimika kuuchambua ukoo mzima mbele ya mahakama. Kisa kinarudi nyuma miaka mingi kisha kinarejea kizimbani. Waliitazama kwa Kihindi wasichokijua, wakaishika, wakalia. Wakaipenda Mother India ya mwaka 1957, ambamo Nargis huyo huyo, mama wa kijijini, anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kuokoa heshima ya binti wa watu. Hizo ni sinema za uhalifu na machozi, na mbebaji wake ni mwanamke. Watu hawa hawa leo wanaambiwa hawawezi kukaa na hadithi.

Mtu anaweza kusema: lugha. Kiingereza cha Mogambo ni cha haraka. Hapo ndipo sisi wa mpakani tuna utajiri ambao wengine hawana. Tanzania imekuwa na watafsiri wa muvi wenye majina, Lufufu na King Rich miongoni mwao, na ng'ambo ya daraja la Murongo ni Uganda, nchi ya mavijei, watafsiri wa muvi wa huko. Tunajua sana kazi ya mtu anayekaa na maikrofoni na kukifanya kisa kiwe cha hapa.

Tunapaswa pia kujua uzito wa kazi hiyo. Hispania ya Jenerali Franco haikuvumilia ndoa kuvunjwa kwenye pazia, kwa hiyo Mogambo ilipoingizwa sauti za Kihispania, Nordley na Linda walifanywa kaka na dada. Serikali iliyoogopa uzinzi ikawaonyesha raia wake kaka na dada wanaoishi kama mume na mke. Sauti ya kutafsiri inaweza kuharibu kiasi hicho. Basi inaweza kutengeneza pia. Mtafsiri wa Karagwe akifika kwenye tukio la mto anaweza kusema ni mto gani. Kituo kinaposhambuliwa anaweza kuwaambia watazamaji mwaka 1952 Kenya kulikuwa na nini. Na Gardner anapousema ule uongo wake, mtafsiri anaweza kunyamaza, asimfunike, watu wasikie koo la mwanamke ambalo studio yake iliwahi kulitupa.

Nani atalipa? Haihitaji fedha nyingi: projekta moja, shuka jeupe, ukumbi wa parokia au darasa la sekondari ya Kayanga jioni. Radio Fadeco inaweza kutangaza. Lakini mpango wowote uanze na wazee, kwa sababu aliyekuwa na miaka kumi wakati kambi ya Ford ilipokuwa Kagera leo amepita themanini. Wasianze kuonyeshwa Gable wala Gardner. Wachezewe ngoma kwanza, peke yake, bila picha, Bweranyange, Nkwenda, Murongo, kisha Kanyigo na Kiziba, na mtu akae pembeni na daftari aandike kila jina la mpigaji litakalotajwa, la ukoo wake, na la kijiji alichotoka.